Mwenyekiti wa Ng'ombe Mmoja

Kikundi chetu cha Nkowe kilikuwa na ng'ombe mmoja na viongozi watatu: mimi mwenyekiti, Samia katibu, Sadiki mhazini. Wanachama wanne waliobaki walinuna kwa kukosa vyeo, basi tukawapa. Mmoja malisho, mmoja afya, mmoja usafi wa banda. Wa nne alikuwa Sabaha, dada yangu wa tumbo moja, tukamwita mlezi. Mlezi maana yake ng'ombe alilala uani kwetu, akala mkononi mwake, akanya alipotaka, na sisi wengine tukapita jioni kuuliza anaendeleaje.

Alikuwa mtamba chotara, mwekundu, paji jeupe, tumepewa na mradi mmoja wa kuwainua vijana wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Jina nilimpa mimi siku aliyoletwa. Aliteremka kwenye gari taratibu, akatutazama sote bila kutusalimia, akaanza kula. Nikasema huyu ni Mheshimiwa. Jina likamganda, hata watoto wa madrasa wakipita wanampa shikamoo.

Watu hucheka nikifika hapo. Wacheke tu, ila kwa Sabaha yule ng'ombe hakuwa mchezo.

Sabaha alikuwa ameolewa Chiola, kwa mtu anaitwa Adinani. Mwaka juzi alirudi nyumbani, mtoto mgongoni, jino moja kaliacha huko. Baba yetu, Mzee Abdala, alimpokea, akampa chumba, akakaa kimya msimu mzima wa korosho. Halafu Adinani akaanza kutuma wazee. Talaka hatoi, anamtaka mkewe. Wazee wale walikuja na maneno laini, na baba ni mtu wa kuona haya mbele ya wazee wenzake. Siku moja akamwita Sabaha, akamwambia mimi nikiwepo:

"Mwanangu, mimi nimezeeka na mikorosho yangu imezeeka. Siwezi kukulisha wewe na mwanao mpaka nife. Huyo ng'ombe wenu akizaa, ukakamua, ukajitegemea, nitawaambia watu wa Chiola binti yangu ana kazi yake, wasije tena hapa. Asipozaa, utarudi kwa mumeo."

"Nimekubali, baba," Sabaha akasema.

Angekataa kwa lipi? Kwa mapatano ya kikundi, nusu ya maziwa ilikuwa ya mlezi, na mama ntilie wa Ruangwa mjini walishamwambia alete hata kesho. Mheshimiwa alikuwa na mimba. Alishapimwa, tukaambiwa atazaa mwisho wa Agosti. Sisi tulikuwa Julai.

Ndipo tukaitwa semina. Mafunzo ya uongozi na mtandao kwa vijana wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, Nachingwea, wiki nzima, kila kikundi kitoe mtu mmoja. Nilisema aende Sabaha, maana ndiye anayejua ng'ombe anakunywa ndoo ngapi. Kikao kikakataa.

"Mwenyekiti ndiye kiongozi," Samia alisema. "Halafu wewe una mdomo, kaka. Huko wanataka watu wa kuongea."

Sabaha mwenyewe akacheka. "Nenda wewe. Nikienda mimi utamlisha nini Mheshimiwa? Vichekesho?"

"Vikimshibisha je?"

"Wewe mwenyewe havijakushibisha."

Nikaenda.

Ukumbi ulikuwa nyuma ya nyumba ya wageni, feni mbili, moja inazunguka na nyingine inaiangalia. Mwezeshaji wetu alikuwa dada mmoja mchangamfu, Nelly, kwao Mwanza lakini kazi yake iko Dar. Alituambia kuanzia siku ile hakuna Masoudi wala nani, sote ni viongozi. Ukitaka chumvi mezani unasema, "Kiongozi, nisogezee chumvi." Ukikuta mlango wa choo umefungwa unagonga, "Kiongozi, bado?" Kila asubuhi tulianza kwa kelele. Nelly anaita, "Viongozi?" Tunaitikia, "Tunaweza!" Anaita, "Maziwa?" Siku ya kwanza nikaitikia peke yangu, "Hayajatoka!" Nikaambiwa hiyo haijengi.

Tulipokaa wawili wawili nikapangwa na Shilinde, kijana wa Kisukuma. Wao wamehamia Nambilanje na mifugo yao miaka ya karibuni tu. Mrefu, mkimya, kofia haitoki kichwani hata ndani ya nyumba. Nikaona huyu nimchokoze.

"Hivi nyie mkiona mkorosho mnaona nini? Kivuli cha ng'ombe au chakula cha ng'ombe?"

Akanitazama kidogo. "Nyie ng'ombe wenu wangapi?"

"Mmoja."

"Ana mwenyekiti?"

"Ndiye mimi."

"Na katibu?"

"Yupo."

"Mhazini?"

"Yupo pia."

"Bhebhe!" akasema, yaani "wewe!" kwa Kisukuma, akavua kofia kwa heshima. "Kwa baba yangu wapo mia na kitu, na mwenyekiti hatuna. Ndio maana hatuendelei."

Tangu hapo tukawa tunakula sahani moja.

Siku moja Nelly alitusimamisha duara, akatoa donge la uzi. Kila mtu anashika, anamrushia mwenzake, anataja atakachomsaidia. Mimi nitakusaidia mbegu za majani. Mimi nitakusaidia soko. Mimi ushauri. Mwishowe ukumbi mzima ukawa kama nyumba ya buibui, na sisi tumesimama ndani yake, mikono juu. "Huu ndio mtandao wenu," Nelly akasema. "Ukianguka, unadakwa." Shilinde akaninong'oneza kwamba uzi wa namna ile kwao haufungi hata mbuzi. Jioni tukaundiwa kundi la WhatsApp, Viongozi Maziwa Kusini, simu zikawa hazinyamazi.

Somo nililolipenda ni la uamuzi shirikishi, na hapa sitanii. Nelly alisema kosa la viongozi wetu ni kuamua peke yao. Kiongozi bora anawasikiliza wote, hamkatishi mtu, anasema wa mwisho, na kura zikilingana ndipo yeye anaamua. Nilikaa pale nikamkumbuka Sabaha na ile "Nimekubali, baba" yake. Nimekulia katika nyumba ambayo mtu mmoja husema na waliobaki huitikia. Nikajiapiza kwamba katika kikundi changu haitakuwa hivyo.

Ijumaa, tuko kwenye chai ya asubuhi, Sabaha akapiga.

"Masoudi, Mheshimiwa amebandika kichwa ukutani."

"Anafikiria bajeti."

Hakucheka. Dada yangu hucheka hata akiwa na malaria.

"Tangu alfajiri. Nikimvuta anarudi palepale. Anasaga meno. Halafu haoni, Masoudi. Nimempitishia mkono machoni, hapepesi."

Severini, bwana mifugo aliyekuja kutufundisha chanjo, alikuwa karibu, chapati mkononi. Nikaweka spika. Akamsikiliza Sabaha, akamwuliza, "Wiki hii anakula majani ya wapi?"

Dada akasema wenye zamu ya kukata majani bondeni hawajaonekana tangu Jumatatu. Julai hii, kila mtu yuko shambani anapulizia mikorosho. Basi yeye amekuwa akikata hapo hapo jirani, chini ya mikorosho yetu, ndiko kumebaki ubichi.

"Na nyie mmeshapulizia salfa?"

"Tunapulizia wiki hii yote. Majani yalikuwa na vumbi la njano. Nilimwuliza baba kwanza. Akasema salfa ni dawa."

Severini akaiweka chapati kwenye sahani.

Mtu wa mbali atasema ni ujinga. Salfa sisi tumezaliwa nayo. Msimu ukifika inapulizwa alfajiri, upepo umelala, na ile njano inatua kwenye shuka, kwenye uji, kwenye kope. Mtoto akitoka upele anapakwa. Baba huibeba mashine mgongoni bila kujifunga hata leso, na bwana shamba alipomkanya alijibu, "Nimeimeza miaka yote hii, nimekufa?" Kitu kinachouponya mkorosho, nani angewaza kwamba kinampofusha ng'ombe?

"Ikizidi tumboni inapanda kichwani," Severini aliniambia. "Sindano yake ipo, ni vitamini tu. Akiipata leo anaweza kurudi. Akiikosa leo, sidhani."

Akapiga Ruangwa, hakuna. Akakumbuka duka moja pale pale Nachingwea. Tukaenda karibu tunakimbia, tukakuta kufuli. Jirani akatwambia mwenyewe amekwenda kuzika, akitoka huko anaunganisha na swala ya Ijumaa, atafungua baadaye. Tukampigia. Simu ikalia ndani ya duka, nyuma ya mlango, tukaisikiliza mpaka ikakatika.

Nilirudi ukumbini kuchukua begi. Nelly alinihurumia, kweli alinihurumia, akanishika bega. "Kiongozi, usibebe peke yako. Tumia mtandao." Nikaandika kundini: ng'ombe wetu anakufa, nani ana dawa hii au anamjua mwenye nayo. Majibu yakamiminika. Pole sana kiongozi. Pole kiongozi. Mungu ampe wepesi. Mmoja akatuma ua. Mmoja akauliza kama huyo ng'ombe ninamuuza. Wengi wao walikuwa mle mle ukumbini, meza ya tatu, meza ya nne, nikiwaona wameinama wananiandikia pole, na mimi nimesimama mlangoni na begi.

Shilinde peke yake ndiye hakuandika kitu. Alikuwa nje, amekwisha washa pikipiki. "Panda."

Severini akakaa kwenye kizingiti cha lile duka. "Tangulieni. Nikiipata tu nawafuata."

Kutoka Nachingwea hadi kwetu kwa pikipiki ni zaidi ya saa nzima, na barabara haina haraka na mtu. Katikati ya vumbi Shilinde akageuza kichwa.

"Baba yako si ulisema ndiye mchinjaji?"

"Ndiye."

"Mpigie, anoe kisu."

"Dawa inakuja."

"Sijasema isije. Lakini ng'ombe akifa mwenyewe, nyie hamumli. Akichinjwa yu hai, mnauza nyama mnapata kitu. Kwa baba yupo mmoja ana ndama, anakamuliwa. Maziwa yake si mengi kama ya huyo wa kizungu wenu, lakini ni maziwa. Mkija na hela ya nyama nitamsemesha mzee."

"Kwani nyie mnakula vibudu?"

"Njaa ikiwepo. Usinitanie leo, Masoudi."

Nikapiga. Baba akasema kisu kinakata.

Tulifika watu wametoka msikitini. Mheshimiwa alikuwa amesimama bandani, miguu imetanuka kama meza mbovu, paji lake jeupe kalisukumia kwenye nguzo mpaka limechubuka. Sabaha alikuwa amefunga khanga kiunoni, amemshika sikio, anamsemesha kwa Kimwera maneno ambayo huwa anamsemesha mwanawe akiwa na homa. Wanachama wote walikuwepo. Siku ya kukata majani hukuwaona, siku ya kutazama wametimia.

Baba alikuwa na kanzu yake ya Ijumaa, kisu amekifunga kitambaa. Akanijia.

"Mwenyekiti."

Hajawahi kuniita hivyo. Nilidhani anatania, nikamwangalia, hatanii.

"Ng'ombe ni wa kikundi, si wangu. Mimi ni kisu tu hapa. Nichinje au nisichinje? Sasa hivi yu hai sawasawa. Akianza kukata roho sitamgusa, sitawalisha watu haramu."

Nikasema tukae. Wallahi ndivyo nilivyosema, tukae. Tukakaa chini mbele ya banda, sita, na Sabaha ndani na ng'ombe wake, nikaeleza mambo yote mawili kama nilivyofundishwa, bila kuegemea upande. Tukichinja sasa tunapata nyama, na huyu ndugu Shilinde anasema kwao yupo ng'ombe wa kukamuliwa. Tukingoja, dawa ikamuwahi, tunabaki na Mheshimiwa na ndama wake. Kila mtu aseme, asikatishwe.

Sadiki akasema achinjwe, mali ikianza kulia huiuzi kesho. Saada, yule wa afya, akasema hapana, mtaalamu kasema kuna sindano, tutamchinjaje mgonjwa mwenye dawa njiani? Samia akasema ng'ombe mwenye mimba ya kukaribia hivyo yeye hata nyama yake hataigusa. Mwingine akasema wateja wapo tayari, ni Ijumaa, nyama itakwisha kabla ya magharibi. Mwenzake akamuunga mkono. Simu ikalia, Severini: ameipata, anatoka Nachingwea sasa hivi. Watu wakaguna, waliosema achinjwe wakaanza kutazamana. Nikamgeukia dada yangu.

"Mlezi."

"Ngojeni," Sabaha akasema kutoka bandani, hakuliachia sikio. "Amesema akiipata leo anarudi. Si anakuja? Ngojeni."

Shilinde alikuwa amesimama pembeni, si mwanachama, hana kura. Alivumilia mpaka hapo. "Bhebhe, Masoudi! Chinja au usichinje, lakini sema moja!"

"Tunapiga kura," nikasema.

Wanaotaka achinjwe, mikono. Samia akahesabu: mitatu. Wanaotaka tungoje. Mitatu, pamoja na ule wa Sabaha, ulionyooka juu ya mgongo wa ng'ombe. Samia akanitazama. Wote wakanitazama. Baba alikwisha kukifungua kile kitambaa.

Nilikuwa nimefungua mdomo. Mpaka leo sijui ulikuwa unatoa neno gani.

Mheshimiwa alianguka kwa upande, akamvuta Sabaha magotini. Baba alikimbia, mzee yule, kanzu ikamzonga miguuni, akafika akapiga goti, akamshika taya akaligeuza kibla, akasema, "Bismillahi," halafu akazuia mkono. Akaweka kiganja chini ya koo. Akangoja. Akamfunua jicho. Kisha akakivuta kisu nyuma, akakifuta katika kitambaa ingawa kilikuwa kisafi.

"Amekwisha," akasema. "Fukieni."

Hakuna aliyesogea, kwa sababu tumbo lilikuwa bado linacheza. Liliinuka mara moja, likashuka, likasogea tena kwa ndani kama mtu anayejigeuza usingizini. Shilinde akaruka, akasema pasueni, pasueni haraka, akamnyang'anya baba kisu. Sabaha alikuwa ameweka viganja vyote viwili pale. "Acha," akamwambia. "Ametulia."

Shilinde hakumsikiliza, akapasua. Ndama alikuwa jike. Tulimsugua kwa magunia, tukampulizia puani, Shilinde akamshika miguu akamning'iniza kichwa chini. Paji lake lilikuwa jeupe. Baada ya muda Shilinde akamlaza chini kando ya mama yake na kwenda kunawa.

Severini alikuta tumekwisha kuanza kuchimba. Akazima pikipiki, akabaki amekaa juu yake na kile kichupa mkononi, kofia ngumu kichwani. Alisema tusichune ngozi, tuchimbe chini sana, halafu akavua shati akachimba na sisi. Samia akamwuliza kama dawa inaweza kurudishwa dukani.

Siku ya pili yake Shilinde alimpigia baba yake mbele yangu, kumwomba yule ng'ombe wa kukamuliwa atolewe tulee tu, tutagawana maziwa. Waliongea Kisukuma, kirefu. Alipokata simu alitazama pembeni. "Mzee anasema msimu uliopita ng'ombe wake walipoingia kwenye mikorosho ya watu wa Nkowe hakuna aliyempa hata siku moja ya kujieleza. Anasema poleni."

"Mtumie ua," nikasema.

Hakucheka, wala mimi.

Kwenye kundi waliweka picha za kufunga mafunzo. Kulikuwa na uchaguzi, nikachaguliwa sipo: katibu mwenezi wa mtandao, kanda nzima. Hongera kiongozi. Hongera sana kiongozi. Cheti changu, wakasema, kinanisubiri.

Adinani safari hii hakutuma wazee. Alikuja mwenyewe, mchana kweupe, shati limepigwa pasi, mfuko wa sukari na doti ya khanga. Akaketi kwenye jamvi, akasema kwa upole, "Nimesikia mmepatwa na msiba wa ng'ombe." Unajua mtu akikosa adabu unapata pa kumshika. Huyu alikuwa na adabu tupu. Baba akamwita Sabaha, akamwambia mumeo amekuja, akasema hayo huku anaangalia ile sukari.

Nikashindwa. "Baba, aliyesema salfa ni dawa ni wewe."

Ukumbini kule tulifundishwa namna ya kumkosoa mtu kwa staha. Sikuitumia.

Baba hakukasirika. Ningependa angekasirika. "Nilisema," akajibu. "Na wewe ulikuwa mwenyekiti."

"Acheni," Sabaha akasema mlangoni. "Mtoto anasikia."

Mizigo yake alikwisha kuifunga. Sijui aliifunga lini, labda siku ile ile. Nikamfuata mpaka kwenye pikipiki, nikamwambia asiende, kwa sauti ya chini, Adinani anafunga kifurushi nyuma ya kiti.

"Nikae, utanilisha wewe?" akaniuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anataka kujua.

Nilitafuta la kumjibu. Mimi, mwenye mdomo. Nina miche michache ya baba, ufuta wa ekari moja ambao mwaka huu umeota kwa kuchagua, na cheti Nachingwea.

Akangoja kidogo, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa. Akampandisha mwanawe katikati, akakaa nyuma, akazikusanya khanga zisiingie kwenye gurudumu. "Lile banda libomoe," akasema. "Nguzo usizichome, baba atazitaka kwa uzio."

"Shemeji, karibu Chiola," Adinani akasema, akanipa mkono. Nikaupokea.

Walipopotea nikazunguka nyuma ya nyumba. Mbwa watatu walikuwa wamefika kwenye kaburi la ng'ombe, wamekwisha kuchimbua upande wa ndama. Nilichukua jembe. Baba alikuwa pale kabla yangu, na koleo, kanzu ameipandisha na kuikunja kiunoni, anarudishia udongo. Hakuniangalia, sikumwangalia. Tukafukia, tukashindilia kwa miguu, tukafukia tena. Mbwa walikaa mbali kidogo, kwenye kivuli cha mikorosho, wanasubiri tuondoke.